Simu ya meli iliyokula chumvi nyingi

Swali la msomaji wa Shela, Lamu:

"Shikamoo Fundi. Nina nyumba ya wageni hapa Shela, ya ghorofa tatu. Mwezi uliopita nilikuwa Malindi, nikapita kwa muuza vyuma chakavu, nikaona simu ya meli nikainunua. Ni nzito, kama kilo sita hivi: boksi la brasi, mkono mweusi, na mpini wa kuzungusha ubavuni. Haina mahali pa kupigia namba. Nimeisugua kwa dawa ya vioo ikaanza kung'aa, lakini ukijani unarudi kila baada ya siku chache. Fundi wa simu za mkononi amesema vya ndani vimekufa, avitoe aniwekee spika ya bluetooth. Mimi nataka ifanye kazi kama zamani, nikiwa darini niongee na kijana aliye mlangoni bila kupiga kelele. Inawezekana? Nianzie wapi?"

Marahaba, mwanangu. Inawezekana, tena huenda ikawa rahisi kuliko unavyodhani. Ila kabla hujaendelea kusoma, ile chupa ya dawa ya vioo iondoe karibu na simu, na huyo fundi mwambie asubiri. Simdharau, kazi yake anaijua. Lakini yeye amezoea vyombo ambavyo visipopata chaji huhesabiwa vimekufa, na simu yako yaelekea haijawahi kuchajiwa tangu ilipotoka kiwandani. Simu nyingi za melini zenye umbo hilo hazina betri wala hazitaki umeme wa ukutani. Zinaendeshwa na sauti ya anayezungumza. Nikiwaambia watu hivyo hapa karakanani kwangu, mtaa wa Langoni mjini Lamu, wengine hutazama pembeni kama wanaotafuta jini.

Hakuna jini. Ndani ya kisemeo mna kiwambo chembamba cha bati. Ukizungumza, pumzi ya sauti inakitikisa. Katikati ya kiwambo pameungwa kijiti chembamba kama sindano, nacho kimeshika ulimi mdogo wa chuma uliokaa baina ya ncha za sumaku. Kuuzunguka ulimi huo kuna koili ya waya mwembamba kama unywele. Ulimi ukicheza, nguvu ya sumaku inayopita ndani ya koili hubadilika, na mabadiliko hayo huzaa mkondo mdogo wa umeme. Mkondo unafuata nyaya mbili hadi upande wa pili, unaingia kwenye koili iliyo sawa na ile ya kwanza, ulimi wa huko nao unacheza, kiwambo kinatikisika, mtu anasikia. Basi. Simu za Alexander Graham Bell za mwaka 1877 zilikuwa na sumaku, koili na kiwambo vivyo hivyo, chombo kile kile unakisemea kisha unakiweka sikioni. Baadaye watu wa nchi kavu walihamia kwenye kisemeo cha mkaa na betri, maana sauti yake ilitoka kubwa zaidi. Lakini melini wazo la zamani lilirudi kwa sababu moja tu: meli ikigonga mwamba au ikiingia maji, mara nyingi kitu cha kwanza kuzimika ni umeme, na hiyo ndiyo saa ambayo nahodha anamhitaji mhandisi wa chini kuliko saa nyingine yoyote. Manowari za Marekani katika Vita Kuu ya Pili zilijaa simu hizi. Mpaka leo mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unadai njia mbili zisizotegemeana za kuwasiliana kati ya daraja la meli, pale nahodha anapoongozea, na mahali pa kuendeshea mitambo, na katika meli nyingi mojawapo ni simu ya namna hii.

Kwa hiyo kusema "vya ndani vimekufa" ni hukumu iliyotolewa kabla ya shahidi kusikilizwa. Adui wa simu yako ni chumvi. Ndiyo maana ukijani unarudi, na ndiyo maana kazi ya kwanza ni kuosha, siyo kung'arisha wala kuunga waya.

Kabla ya kuosha, hakikisha unajua umenunua nini. Masoko ya mapambo yamejaa vyombo vya "kibaharia" vya brasi ambavyo havijawahi kuona bahari isipokuwa ndani ya kontena. Ya kweli ina boksi la kumiminwa, ubavu wake mnene. Mfuniko unakaa juu ya mfereji wenye mpira wa kuzuia maji. Na waya unaingilia chini kupitia nati kubwa inayobana mpira kuzunguka waya. Kwa kawaida pana kibati chenye jina la kiwanda na namba. Ya mapambo ni bati jembamba lililokunjwa, haina mpira popote, na skrubu zake ni za msalaba na zinameremeta. Kilo sita na mpini wa ubavuni vinanipa matumaini.

Halafu tazama ni ya aina gani, kwa sababu melini zilitumika aina mbili. Fungua kifuniko cha kisemeo, utoe kile kidude cha mviringo ambacho sisi huita kapsuli, ukitikise karibu na sikio. Ukisikia kama mchanga mwembamba unamwagika, hiyo ni ya mkaa, nayo itahitaji betri, kwa kawaida mawe mawili makubwa ya tochi yanayotoa voltio 3. Ukisikia kimya, na kapsuli ya kisemeo na ya kisikizio zinafanana kama pacha, hiyo ni ya sauti tupu. Nitaendelea nikiamini ni hiyo ya pili, maana hukutaja mahali pa kuweka mawe.

Sasa turudi kwenye dawa ya vioo. Dawa nyingi za vioo zina amonia, na amonia na brasi haziwekwi pamoja. Wakati wa ukoloni wa Uingereza huko India, jeshi lilikuwa likihifadhi risasi mazizini msimu wa mvua. Maganda yake yalikuwa ya brasi. Mvua zikiisha, wakiyatoa wanakuta yamepasuka nyufa yenyewe, bila kuguswa na mtu. Waliuita ufa wa msimu, wakidhani ni hali ya hewa. Mwaka 1921 ndipo ilipoelezwa sawasawa: mkojo wa farasi hutoa amonia, unyevu huipeleka kwenye brasi, na brasi iliyokunjwa au kukandamizwa kiwandani hubaki na mkazo ndani yake, basi amonia hupenya katikati ya chembe za madini na kuipasua palepale penye mkazo. Mimi nilipoisoma habari hiyo nikainuka saa ile ile kwenda kuhamisha sanduku langu la vipuri, kwa sababu ukuta wa nyuma wa karakana yangu ni banda la punda wa jirani. Usicheke. Hapa Lamu punda yuko kila kichochoro, na harufu ile kali ya asubuhi unayoijua ni amonia.

Boksi lako la kumiminwa halina mkazo mkubwa, kwa hiyo huenda halijadhurika. Ninachokiogopea ni vipande vyembamba vilivyokunjwa: klipu za kushikia mkono wa simu, springi bapa za swichi ya ndoano, kola ya kisemeo. Vitazame kwa kioo cha kukuzia mwanga ukiwa unatoka pembeni. Ukiona mstari mweusi mwembamba penye kona, usikipinde kipande hicho hata kidogo. Na ukikutana na mahali ambapo brasi imegeuka rangi ya waridi, kama shaba nyekundu iliyofifia, pabonyeze kwa ncha ya bisibisi polepole. Pakiwa laini, bahari imeshakula zinki yote iliyokuwamo na imebaki shaba yenye vitundu kama mkate. Hapo hapang'arishiki. Kipande hicho kinabadilishwa au kinaachwa kilivyo.

Kuosha kwenyewe kunataka subira kuliko nguvu. Chumvi haikukaa juu tu, imejificha ndani ya vijitundu vya brasi, na kila unyevu wa usiku unapoingia inaamka na kuila shaba upya. Ndiyo sababu ukisugua leo, Ijumaa ukijani uko pale pale. Toa kila kitu kilicho ndani, ubaki na boksi tupu na vipande vya brasi peke yake. Vizamishe ndani ya beseni la plastiki lenye maji ya mvua. Nasisitiza ya mvua, au yale maji safi ya betri ya kituo cha mafuta, siyo ile asidi. Maji ya visima vyetu mengi yana munyu, unakuwa kama mtu anayefuta machozi kwa kitunguu. Kama nyumba yako ina birika la zamani linalokinga mvua, hapo umepata. Badilisha maji kila siku. Watu wengi wa Shela wenye mitambo ya kuchuja maji wana ile kalamu ya kupimia chumvi, azima moja. Pima maji kabla ya kuzamisha, upime tena baada ya saa 24. Siku ambayo namba mbili zinakaribia kulingana, chumvi imekwisha kutoka. Boksi la hivi karibuni nililooshea hapa lilichukua siku 19. Mwenyewe alikuja mara tatu kuniuliza kama nimeliuza.

Likitoka majini, likaushe upesi. Futa, kisha liache penye upepo kivulini, na kama ni msimu wa kaskazi utashukuru, maana hewa yake ni kavu kuliko ya masika. Ukitaka kulitakatisha ndipo sasa, na ukwaju unatosha. Bibi zetu wamesugua vyombo vya shaba kwa ukwaju kabla ya kiwanda chochote cha dawa. Paka, sugua kwa kitambaa dakika chache, suuza kwa maji ya mvua mara mbili, kausha, kisha pitisha nta nyembamba ya gari. Usiuache ukwaju ulale juu yake usiku kucha. Na wala usiling'arishe mpaka ukajiona usoni. Haya ni maoni yangu, wenye hoteli hawayapendi: simu ya meli iliyong'aa kama sahani ya harusi inafanana na zile za mapambo, na kwa kusugua sana unafuta maandishi ya kibati ambayo ndiyo kitambulisho chake. Siwa ya Lamu, lile baragumu kubwa la sherehe, ni ya brasi, ina karne kadhaa, na haiba yake haikutokana na mng'aro.

Kuna mambo mawili ya afya. Kama ndani au nje pana rangi ya kijivu ya zamani, ichukulie kuwa ina madini ya risasi: usiipige msasa mkavu, tumia msasa wa majini na barakoa, na watoto wasiwepo. Kama pana namba au alama zilizopakwa rangi ya kung'aa gizani, iliyogeuka kahawia kwa uzee, usiikwangue kabisa, kwa kuwa rangi za zamani za aina hiyo zilitengenezwa kwa radiamu, na vumbi lake halipaswi kuingia kifuani mwa mtu.

Skrubu zitakukatalia. Skrubu ya chuma ndani ya brasi iliyokaa na maji ya bahari miaka mingi haifunguki kwa hasira. Changanya asetoni na mafuta ya gia otomatiki, nusu kwa nusu, mbali na moto, weka tone, subiri siku nzima, gonga kichwa cha skrubu kwa nyundo ndogo, weka tone tena. Bisibisi ijae mfereji wote. Ukikata kichwa cha skrubu moja, kazi ya siku moja inakuwa ya juma zima.

Sasa mpini. Ukiuzungusha, unaendesha jenereta ndogo inayopiga kengele upande wa pili. Ndani yake pana sumaku za umbo la kwato, na katikati ya miguu ya sumaku rota, yaani kiini kinachozunguka, yenye waya mwingi sana. Ikizungushwa kwa mwendo wa kawaida hutoa voltio 60 hadi 100 za umeme wa kupishana. Haziui mtu mzima mwenye afya, lakini zitakufanya uitaje mizimu ya kwenu yote, kwa hiyo usishike ncha za waya mtu mwingine akiwa kwenye mpini. Vijana huona ni mchezo. Siyo mchezo kwa mwenye moyo mbovu.

Hapa nina kosa langu la kukusimulia. Nikiwa ndiyo kwanza nimeacha kazi ya umeme melini na kurudi nyumbani, nililetewa simu ambayo kengele yake iliita hadi mtaa wa pili, ila mpini ulikuwa mzito. Nikaifungua, nikaichomoa rota, nikaiweka mezani juu ya gazeti, nikaenda kuswali Isha. Asubuhi nikaosha beringi, nikatia mafuta, nikarudisha. Mpini mwepesi kama manyoya. Kengele sasa ikalia kama nzi aliye ndani ya chupa. Nililaumu koili, nikalaumu waya, nikamlaumu na aliyeileta. Kosa lilikuwa langu. Sumaku za zamani za chuma kigumu hutegemea rota ile kama daraja la kupitisha nguvu kutoka mguu mmoja hadi wa pili. Ukiiondoa ukaacha pengo tupu, sumaku inaanza kujidhoofisha yenyewe, na haipati nguvu tena mpaka itiwe sumaku upya kwa mashine. Kwa hiyo kama ni lazima rota itoke, tayarisha kipande cha chuma laini, hata nondo bapa, ukiteleze kwenye miguu ya sumaku kadiri rota inavyotoka, kisiondoke mpaka rota irudi. Na kama mpini wako unazunguka bila kukwama, usiitoe rota kabisa. Tia tone moja moja la mafuta ya cherehani kwenye beringi, basi. Siyo mafuta ya simsim wala ya kupikia, hayo hugeuka gundi. Nilishawahi kukuta hata sifa, yale mafuta ya papa, ndani ya simu. Sifa ni ya jahazi.

Onyo hilo hilo la sumaku linahusu kapsuli za kisemeo na kisikizio, tena kwa ukali zaidi. Usizifungue. Pengo unalochezea ule ulimi ni jembamba mno, na chembe moja ya unga wa chuma ikiingia itashikwa na sumaku na kuuzuia ulimi usicheze. Ndiyo maana meza ya kufanyia kazi hii ifutwe kwanza, na msasa au jiwe la kusagia visiwe chumba kimoja nayo. Kapsuli zifute kwa nje tu, kwa kitambaa kilicholoweshwa spiriti kidogo. Spiriti hiyo isifike kwenye nyuzi za koili yoyote ya ndani ya boksi, kwani waya nyingi za zamani zilikandikwa kwa vanishi ya lakiri, na lakiri huyeyuka kwenye spiriti. Safisha vituo vya kufungia waya, uishie hapo.

Waya wenyewe wa ndani usiuonee huruma. Mpira wake wa zamani ama umekuwa mgumu kama kaukau ama unanata kama ubani uliotafunwa. Chora kwanza rangi na mahali pa kila waya, piga na picha tatu nne, kisha badilisha wote, ulehemu upya. Ukikuta kitambaa cha kijivu chenye nyuzi kama pamba ngumu kikizunguka waya, kiloweshe na maji kabla ya kukigusa na ukifungie ndani ya mfuko, maana huenda ni asbesto. Mkono mweusi ni wa bakelaiti, plastiki ngumu ya zamani: sabuni kidogo, maji ya uvuguvugu, futa, nta. Usiuanike juani.

Sasa mtihani niliokuwa nauelekea tangu mwanzo, na unaweza kuufanya hata kesho kabla ya kuosha chochote. Chukua kapsuli zako mbili, ya kusemea na ya kusikilizia. Ziunge kwa nyaya mbili, mita 20 hivi, moja huku, nyingine kule. Pande za waya hazina maana, geuza upendavyo. Mpe kijana wako moja chumba cha mbali, afunge mlango, aweke sikioni. Wewe semea yako karibu na mdomo, sauti ya kawaida, usipige ukelele. Akikusikia, hata kwa mbali, kapsuli zote mbili ni hai, na kilichobaki ni kuosha na kulehemu tu. Asipokusikia, badilishaneni, yeye aseme wewe usikilize. Kisha pima kila kapsuli kwa mita ya fundi umeme, upande wa omu, yaani ukinzani. Mita isiposogea kabisa, waya wa koili umekatika, mara nyingi pale ulipotokea nje, ambapo chumvi imeung'ata ukawa unga wa kijani. Hapo ndipo unanihitaji mimi au mtu mwingine mwenye mkono mwepesi na miwani mizito.

Huu ufanano wa kapsuli mbili una faida moja ambayo mabaharia wanaijua: kisemeo kikifa, unasemea kisikizio, ukiuhamisha mkono wa simu kutoka mdomoni kwenda sikioni kama kuku anayenywa maji. Inachosha, lakini inaongea.

Tatizo lako halisi, ambalo hukulitaja, ni kwamba una simu moja. Simu ya sauti tupu haiwezi kuongea na simu ya mezani, wala ya mkononi, wala ile ya mkaa na betri. Na usijaribu kuiunga kwenye laini yoyote ya simu au kuipelekea betri "iamke", kwa sababu umeme wa moja kwa moja utauvuta ule ulimi upande mmoja na unaweza kuharibu koili. Inamtaka mwenzake. Rudi kwa yule muuza vyuma wa Malindi umwulize. Meli ikivunjwa simu hazitoki moja, hutoka daraja, chumba cha mashine na chumba cha usukani. Ukikosa, kuna njia ya maskini ambayo inanifurahisha hata kuliko yenyewe. Tafuta mkono wa simu ya mezani ya Kiingereza ya aina ya 700, zile zilizoanza kutoka mwaka 1959. Kisikizio chake nacho kina ulimi wa chuma unaocheza kwenye sumaku, kwa hiyo kinaweza kusemewa bila betri. Kiunge kimoja peke yake kwa nyaya mbili na simu yako ya meli. Kitasemewa na kusikilizwa hicho hicho, kwa zamu. Kisemeo cha mkono huo kiache, ni cha mkaa. Sauti haitakuwa kama ya meli, lakini ghorofa tatu itashuka. Kengele ya mlangoni utanunua ya kawaida ya kuunga kwenye mpini, ila iwe ile ya simu za zamani inayopokea umeme wa kupishana, siyo ya mlango ya betri.

Kuhusu waya wa nyumbani, jozi moja iliyosokotwa kutoka kwenye waya wa intaneti inatosha kabisa, na kwa mwendo wa darini hadi mlangoni hutaona tofauti yoyote ya sauti, kwani melini simu hizi huvuka urefu wa meli nzima. Usichimbe ndani ya ukuta wa matumbawe. Ukuta wenyewe una chumvi, utaula waya kabla mwaka haujaisha, na kama una zidaka au plasta ya kuchongwa utakuwa umeharibu kitu ambacho simu mia haziwezi kukifidia. Upitishe kwenye bomba jembamba pembeni ya boriti, ushuke kwenye ngazi. Kule juu chini ya makuti, weka mahali pa kuchomolea, ili mawingu ya radi yakikusanyika umchomoe mwenzio wa juu. Na simu ya darini iifungie kwenye ukuta wa upande usiopigwa na kusi, kwa sababu siku 19 za kuosha zinaweza kufutwa na kusi moja.

Ukishafanya mtihani wa kapsuli niandikie mambo matatu: alisikia au hakusikia, mita ilisoma omu ngapi kila kapsuli, na kibati kimeandikwa nini, herufi kwa herufi, hata zilizofutika nusu. Picha ya klipu nayo nitumie, kabla hujaipinda.